Je, Wajua? Ibn Battuta Katika Miji ya Pwani

Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyezaliwa Tangier mwaka 1304, alifika pwani ya Afrika Mashariki takriban mwaka 1331 na kuilinganisha miji yake na mingine aliyoijua.

Mogadishu ilimshangaza kwa chakula: wali wa samli katika sinia kubwa la mbao, ukiliwa kwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa na ndimu za achari, na embe, ambalo kwao Moroko halikuota, alilifananisha na tofaa lenye kokwa.

Mombasa alikuta visima kwenye milango ya misikiti, ambako maji yalitekwa kwa kata, yaani chombo cha mbao chenye mpini mrefu, na kwa kuwa watu walitembea pekupeku, kila aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, kisha akaisugua kwenye mkeka mnene uliotandikwa mlangoni.

Kilwa aliihesabu miongoni mwa miji mizuri kabisa, sifa nzito kweli kwa mtu aliyekwisha kuziona Kairo, Dameski na Baghdad.

Masimulizi hayo ya Ibn Battuta yaliandikwa na mwandishi Ibn Juzayy, mjini Fes, na kukamilika mwaka 1355.