Maaskofu wa Bukavu Mbele ya Mtutu (Sehemu ya Pili)

Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, aliuawa Oktoba 29, 1996, mji huo ulipokuwa ukitekwa na waasi wa AFDL wakisaidiwa na jeshi la Rwanda. Mjesuiti huyo alikuwa amewakemea askari wa Rais Mobutu kwa uporaji wao, tena akawatetea wakimbizi wa Kihutu waliofurika Kivu tangu 1994. Kwa hiyo hakuwa na rafiki mwenye bunduki upande wowote.

Mwaka uliofuata alirithiwa na Emmanuel Kataliko, aliyekuwa Askofu wa Butembo-Beni tangu 1966. Agosti 1998 vita vilipozuka upya, Bukavu ikawa chini ya RCD, kundi la waasi lililoungwa mkono na Rwanda. Mwezi huohuo, katika parokia ya Kasika wilayani Mwenga, padri, watawa na wanakijiji wengi waliuawa.

Katika waraka wake wa Noeli ya 1999, Kataliko hakuishia kuombea amani, jambo ambalo lisingemuudhi mtu. Alisema wazi kwamba mataifa ya nje, kwa kushirikiana na baadhi ya Wakongo wenyewe, yanaendesha vita kwa mali ya nchi hiyohiyo. Hapo ndipo alipowagusa watawala panapouma, maana dhahabu na koltani za Kivu zilikuwa zikivuka mpaka.

Februari 2000 RCD ilimwondoa Kataliko Bukavu na kumlazimisha kukaa Butembo, ikidai anachochea chuki. Watu wake hawakushika silaha, waligoma. Misa zilisimamishwa, shule zikafungwa. Bila mgomo huo, waraka ule pengine ungesahaulika kabatini mwa parokia. Septemba mwaka huo RCD ilimruhusu kurudi, na umati ukampokea. Alifariki Roma Oktoba 4, 2000, wiki chache tu baadaye.

Majeshi ya Rwanda yaliondoka rasmi mwaka 2002, baada ya mkataba wa Pretoria kati ya Kongo na Rwanda. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili nchini Kongo kati ya 1993 na 2003, Kasika ikiwemo. Mahakama maalumu ya kuyahukumu haijaundwa.

Sehemu ya tatu itaanzia Februari 2025, Bukavu ilipotekwa tena, safari hii na waasi wa M23.