Kaya, Nyumba na Jamaa: Makazi ya Vijana wa Dar es Salaam katika Lugha

Mtafiti atakaye kujua vijana wa miaka 13 hadi 19 wa Dar es Salaam wanakaa katika aila za namna gani hana budi kuuliza kwa Kiswahili, na taabu yake huanzia hapo hapo. Swali "Unakaa na wazazi wako?" laonekana jepesi. Lakini mama mkubwa na mama mdogo, yaani dada na wadogo wa kike wa mama, ni mama. Baba mkubwa na baba mdogo, ndugu wa kiume wa baba, ni baba. Kijana aliyeletwa kutoka Kilosa au Lindi ili asome kwa baba yake mdogo hujibu "ndiyo", wala hasemi uongo. Shangazi na mjomba ndio wabakio nje ya jibu hilo. Hivyo kijana alelewaye na kaka wa baba huandikwa kuwa yu kwa wazazi, na mwenzake alelewaye na dada wa baba huandikwa kuwa yu kwa mlezi, ingawa hali zao ni moja. Jedwali litokalo katika majibu ya namna hiyo hupima istilahi za ujamaa kuliko kupima makazi ya watu.

Istilahi ya serikali ni kaya. Neno hili ni la kale na limeenea mbali katika lugha za Kibantu: kwa Wasukuma, Wanyamwezi na Wazaramo ni nyumbani kwa mtu, Wazulu husema ikhaya, na kwa Wamijikenda kaya ilikuwa mji wenye boma ndani ya msitu, wala si nyumba ya mtu mmoja. Katika sensa maana yake imefinywa ikawa watu waishio pamoja na kushirikiana katika matumizi ya maisha. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, ikapata watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wastani wa kaya kwa nchi nzima ulikuwa watu 4.3.

Kipimo cha kulala chafaa sana kwa kuhesabu, maana mtu hawezi kulala mahali pawili kwa usiku mmoja. Kwa kumjua barobaro hakitoshi. Sababu imo katika nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni ina ujia katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani nyuma penye jiko na choo. Na mara nyingi kila chumba kina mpangaji wake. J. A. K. Leslie, ambaye uchunguzi wake wa mji ulichapishwa mwaka 1963, aliikuta desturi hiyo ya kupanga vyumba imekwisha kuota mizizi. Basi mume, mke na watoto wakiwa chumbani mamoja, pazia huweza kutosha muda watoto wakiwa wadogo. Mwana wa kiume akibalehe, adabu haimruhusu tena kulala humo. Huenda kwa bibi yake mtaa wa pili, au hujibanza na wenziwe katika chumba waitacho geto, kisha hurudi kwa mama yake kula na kufuliwa. Karani wa sensa humwandika katika kaya ya bibi. Daftari la shule humtaja baba. Na mama akiulizwa hujibu kuwa mwanawe yuko hapo hapo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekosea.

Neno nyumba nalo lina mitego yake. Mwanamume mwenye wake wawili ana nyumba mbili hata kama wote wanakaa ua mmoja. Na "nyumba ndogo" katika maneno ya mjini ni mwanamke ambaye mara nyingi hakuolewa rasmi. Mke wa kwanza wa baba huweza kuitwa mama mkubwa, jina lile lile la dada ya mama. Kijana wa nyumba ndogo akiulizwa mkuu wa kaya ni nani, humtaja baba ajaye siku mbili kwa juma, na kaya iendeshwayo na mama peke yake hupotea katika hesabu.

Lakini pahali ambapo neno laweza kumdhuru mtu ni kwa msichana. Humo humo ndani huwamo binti wa miaka 14 au 15 aliyetoka kijijini, ambaye watoto wa nyumba humwita dada. Huenda ni mtoto wa ndugu kweli, aliyekuja kusoma. Huenda ni mtumishi. Na mara nyingi alikuja kwa ahadi ya kwanza akabaki katika hali ya pili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na imekataza kazi zenye madhara kwa kila aliye chini ya miaka 18. Sheria hiyo yahitaji mwajiri, naye mwenye nyumba akisema "huyu ni mwanangu", mwajiri haonekani. Katika Kilatini familia ilijumlisha hata watumwa wa nyumbani. Katika Kiswahili cha leo familia ni ndugu tu, na dada huyu huingizwa humo kwa jina bila kupewa haki zake.

Kwa hiyo yafaa mtafiti aache kuuliza majina, aulize vitendo: jana ulilala wapi, ulikula kwa nani, nani alikununulia sare na madaftari, ukiugua nani hukupeleka hospitali, alfajiri nani huamka kwanza kuwasha moto. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, na kwa hiyo swali la nani alipaye ada halimtenganishi tena mlezi na mwajiri kama zamani. Sare na saa ya kuamka bado vyaweza. Fomu za shule huchapwa "Mzazi/Mlezi", na atiaye sahihi huwa yule aliyekutwa nyumbani siku fomu ilipoletwa.