Njia ya Iron Goat Wakati wa Machipuko: Ipi Ipitike, Ipi Isubiriwe

Theluji inapoanza kuyeyuka katika Jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, wakazi wengi wa Seattle na miji jirani huelekea milimani kutembea kwa miguu. Miongoni mwa njia zinazopendwa ni Iron Goat, iliyo karibu na Stevens Pass katika safu ya milima ya Cascade. Njia hiyo imetengenezwa juu ya tuta la zamani la reli, hivyo mwinuko wake ni mdogo na huwafaa wazee, watoto na hata watumiaji wa viti vya magurudumu katika baadhi ya sehemu zake.

Hata hivyo, wananchi wanapaswa kufahamu kwamba wepesi wa njia hiyo si kipimo cha usalama wake. Tuta la reli ni tambarare, lakini limechimbwa ubavuni mwa mlima mkali, na wakati wa machipuko hatari haitoki chini ya miguu ya mtembeaji, bali juu ya kichwa chake.

Reli iliyoshindana na mlima

Kampuni ya reli ya Great Northern ilikamilisha njia yake ya kufika pwani ya Pasifiki mwezi Januari, 1893. Mwanzoni treni zilivuka Stevens Pass kwa kupanda mlima kwa zigizaga, hadi handaki la kwanza la Cascade, lenye urefu wa takribani kilomita 4.2, lilipofunguliwa mwaka 1900. Upande wa magharibi wa handaki hilo kulikuwa na kituo kidogo kilichoitwa Wellington.

Mwishoni mwa Februari, 1910, treni mbili zilizokuwa zikitoka Spokane kwenda Seattle, moja ya abiria na nyingine ya barua, zilikwama Wellington kwa siku kadhaa kutokana na theluji nyingi iliyofunga njia. Baadaye theluji ilikoma na mvua ikaanza kunyesha. Muda mfupi baada ya saa 7 usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi, theluji ilimeguka kutoka ubavu wa mlima uliokuwa umepoteza miti yake kwa moto, ikazisukuma treni zote mbili hadi bondeni. Watu 96 walipoteza maisha. Hadi leo hayo ndiyo maporomoko ya theluji yaliyoua watu wengi zaidi katika historia ya Marekani.

Kufuatia maafa hayo, kampuni ilibadilisha jina la kituo kuwa Tye na kujenga banda refu la zege ili theluji ipite juu ya reli bila kugusa treni. Mwaka 1929 lilifunguliwa handaki jipya lenye urefu wa takribani kilomita 12.5, linalopita chini zaidi mlimani na linalotumika hadi sasa. Reli ya zamani iliachwa. Sehemu ya kwanza ya njia ya miguu ilizinduliwa mwaka 1993 kwa juhudi za watu wa kujitolea na Idara ya Misitu ya Marekani. Jina Iron Goat, yaani mbuzi wa chuma, linatokana na mbuzi wa milimani aliyekuwa nembo ya Great Northern.

Kwa nini machipuko ni majira ya tahadhari

Wapo wanaodhani kwamba theluji ni hatari wakati wa baridi kali pekee. Ukweli ni kwamba jua la machipuko, na hasa mvua inayonyesha juu ya theluji, huingiza maji katika tabaka za theluji na kulegeza mshikamano wake. Usiku wenye baridi huigandisha tena, na mchana wenye joto huilegeza. Kwa sababu hiyo, mteremko uliotulia asubuhi unaweza kuporomoka alasiri. Ikiwa usiku haukuwa na baridi ya kugandisha, au mvua imenyesha, hatari huwepo tangu alfajiri.

Hali ya njia, sehemu kwa sehemu

Njia ya Iron Goat ina maingilio matatu: Martin Creek, Scenic na Wellington.

Tuta la chini linaloanzia Martin Creek ndilo hutangulia kuondokewa na theluji, na ndilo linalofaa zaidi mapema katika majira haya. Hapo mtembeaji ataona kuta za zamani za reli pamoja na maua ya msituni. Matope, miti iliyoanguka na vijito vilivyofurika ni mambo ya kawaida.

Scenic ipo kando ya barabara kuu ya US 2, hivyo hufikika kwa urahisi. Lakini kutoka hapo kwenda tuta la juu kuna mpando mkali, na theluji huweza kuonekana juu wakati chini ni pakavu.

Wellington ipo juu zaidi. Theluji hudumu hapo kwa muda mrefu, na barabara ya kuingilia huweza kufungwa hadi majira yamekwenda sana. Sehemu hii ipo chini ya miteremko ileile iliyoporomoka mwaka 1910. Isubiriwe hadi theluji iliyo juu ya njia iishe.

Mambo ya kuzingatia

Kabla ya safari, wananchi wanashauriwa kusoma taarifa ya Kituo cha Maporomoko ya Theluji cha Kaskazini Magharibi (NWAC), taarifa za Msitu wa Taifa wa Mt. Baker-Snoqualmie, pamoja na hali ya barabara ya US 2. Ukimya wa taarifa za maporomoko mwishoni mwa msimu usichukuliwe kuwa hatari imekwisha.

Aidha, ni muhimu kutoingia katika mahandaki ya zamani, kwani kuta na dari zake huporomoka. Theluji iliyofunika kijito isikanyagwe, kwa kuwa maji huila kutoka chini. Mtembeaji avae viatu visivyoteleza, abebe nguo za mvua, aache taarifa nyumbani kuhusu njia na saa ya kurudi, na asitegemee simu pekee, kwani mawasiliano milimani si ya uhakika.

Mtembeaji akikuta theluji imefunika tuta na juu yake kuna mteremko ulio wazi usio na miti, arudi alikotoka. Wasafiri waliokwama Wellington mwaka 1910 hawakuwa na njia rahisi ya kuondoka. Mtembeaji wa leo anayo.