Kumkanda mtoto bila kumnyoosha

Uvira, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu kwenye bandari, mtoto mchanga huyaanza maisha mikononi mwa wanawake wawili: mama aliyemzaa na bibi anayemwogesha. Maji yakishakuwa vuguvugu, bibi huketi mkekani, hunyoosha miguu, humlaza mjukuu juu yake, humpaka mafuta, kisha humkanda kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu. Kazi hiyo hakuifundishwa shuleni. Aliipokea kwa mama yake, naye kwa wa kwake. Sisi wa kinesiterapi, yaani tiba ya viungo, tukikutana na wazazi siku ya kupima uzito wa watoto, swali ni lilelile: je, desturi hii inamfaa mtoto au inamwumiza?

Jibu langu lina pande mbili, na naomba zote zisikilizwe. Mkono unaompapasa mtoto polepole, ukimfuata anavyojisikia, unamfaa. Mkono unaotaka kumrekebisha, kumnyoosha miguu, kumtengeneza kichwa, kumwinua pua, unaweza kumdhuru. Taabu ni kwamba mara nyingi mikono ileile hufanya yote mawili ndani ya robo saa, na familia huyaona kuwa jambo moja.

Tuanze na ngozi. Ndani ya ngozi yenye vinyweleo kuna nyuzi nyembamba za neva ambazo kazi yake ni kupokea mguso wa upole. Waliozipima waliona kwamba huitika vizuri mkono ukisogea kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, na zaidi ya yote karibu na sentimita 3. Mkono ukienda mbio, mwitiko wa nyuzi hizo hupungua. Kutoka paja hadi kifundo cha mguu wa mtoto mchanga ni kama sentimita 18, kwa hiyo mkono unapaswa kutumia sekunde 6 hivi kushuka. Hesabu moyoni siku moja unapomkanda mwanao. Utashangaa jinsi tunavyokimbia.

Uzito wa mkono nao una kipimo. Mguso mwepesi mno humtekenya mtoto, naye hujikunja na kukasirika. Mguso wa wastani, unaosogeza ngozi kidogo bila kuiacha nyekundu, huamsha neva ya vagasi, ile ishukayo kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Mapigo ya moyo hutulia na tumbo hufanya kazi yake vizuri zaidi. Hapo ndipo wataalamu wanapoona sababu ya kukua kwa watoto wanaokandwa.

Utafiti uliozifungua macho hospitali nyingi ulitoka Miami, Marekani, mwaka 1986. Tiffany Field na wenzake waliwachukua watoto njiti, wakawakanda na kuwachezesha viungo kwa dakika 15, mara tatu kwa siku, kwa siku 10. Watoto hao waliongeza uzito kwa asilimia 47 zaidi kwa siku kuliko wenzao wasiokandwa, ingawa maziwa yalikuwa kiasi kilekile, na walitoka hospitalini siku 6 mapema. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni, ushahidi ni dhaifu zaidi. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2013 yalikusanya tafiti 34 za watoto wenye afya walio chini ya miezi sita, na waandishi wake walisema wazi kwamba nyingi hazikufanywa kwa uangalifu wa kutosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, linakubali kukanda mwili mzima kwa upole kama jambo linaloweza kufikiriwa kwa mtoto mwenye afya, kwa kuwa huenda likasaidia ukuaji wake. Ni maneno ya tahadhari, nami nayaunga mkono. Mtu akikuambia kwamba kukanda kutamkinga mtoto na malaria, au kutampa akili kupita wenzake, usimpe pesa yako.

Kuna utafiti mwingine wa huku kwetu Afrika Mashariki ambao naupenda sana. Mwaka 1976 Charles Super aliandika juu ya watoto wa Wakipsigis wa Kokwet, Kenya. Watoto hao walikaa na kutembea kiasi cha mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani, na watu wengi wa zamani wangesema ni damu tu. Super aliona kwamba mama zao waliwafundisha kukaa na kutembea kwa mazoezi ya kila siku, lakini hawakuwafundisha kutambaa, na katika kutambaa hawakuwatangulia wenzao. Mwili wa mtoto hujibu kile unachofanyiwa kila siku. Mikono ya mama zetu ina uwezo mkubwa kuliko wanavyoambiwa, na ndiyo sababu ni lazima iwe na uangalifu.

Sasa namna ya kufanya. Chagua saa ambayo mtoto yuko macho, ametulia, na imepita kama nusu saa au zaidi tangu aliponyonya. Tumbo likijaa, atatapika. Funga dirisha la upande wa ziwa, kwa maana mtoto aliyelowa na kupakwa mafuta hupoa haraka upepo wa jioni ukimpiga, hata hapa kwenye joto letu. Nawa mikono kwa sabuni, kata kucha, vua pete. Tandika kikwembe safi. Weka mafuta kidogo viganjani, yasugue yapate joto, kisha mwonyeshe mtoto mikono yako na uzungumze naye kabla ya kumgusa.

Anza na miguu, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo mtoto huikubali kwanza. Shika paja kwa mkono mmoja kana kwamba unashika kikombe, shuka hadi kwenye kifundo, na kabla mkono huo haujaachia, wa pili uwe umeanza juu. Kwenye unyayo tumia kidole gumba, kutoka kisigino kwenda vidoleni. Kifuani weka viganja katikati, kisha vifungue kwenda pembeni. Mikono ya mtoto ifanyie kama miguu, wala usivifungue vidole vyake kwa nguvu. Usoni usipake mafuta. Vidole gumba viwili kutoka katikati ya paji kwenda kwenye mapanja vinatosha. Mwisho mlaze kifudifudi juu ya mapaja yako, ushuke kutoka mabegani hadi makalioni, ukiacha uti wa mgongo wenyewe bila kuubonyeza. Mkao huo humpa pia nafasi ya kuinua kichwa na kuimarisha shingo.

Tumbo lina utaratibu wake na linastahili maelezo zaidi, kwa sababu gesi ndiyo inayowanyima akina mama usingizi. Kwanza, kama kitovu hakijadondoka na kukauka, usiliguse. Kikishapona, utumbo mpana utakuongoza: huanzia chini upande wa kulia wa mtoto, hupanda hadi kwenye mbavu, huvuka kwenda kushoto, kisha hushuka. Mkono wako uzunguke hivyohivyo, kama mshale wa saa unavyokwenda ukimtazama mtoto kwa mbele. Ukizungusha kinyume, unairudisha gesi ilikotoka. Baada ya mizunguko michache, kunja magoti yake yaende tumboni taratibu, ngoja kidogo, yaachie. Watoto wengi hutoa upepo hapo hapo, na uso hubadilika.

Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Na katikati ya dakika hizo mtoto anazungumza. Akigeuza uso, akipata kwikwi, akitanua vidole vyote au akiupinda mgongo nyuma, anasema imetosha. Tunaambiwa tangu zamani kwamba akilia wakati wa kukandwa ndipo viungo vinakaza vizuri. Si kweli. Mtoto anayelia ameacha kupata faida ya mkono wako. Mfunike, mnyonyeshe, utajaribu kesho.

Mafuta yamekuwa na heshima kubwa kuliko yanavyostahili. Mawese mekundu tunayo tele, kutoka Fizi na kwingineko, na ni chakula bora, lakini kwenye ngozi ya mtoto wa wiki ya kwanza yana hasara moja nzito: huacha rangi ya manjano. Umanjano wa ngozi na macho ndio dalili ambayo mama na mwuguzi wanapaswa kuiona mapema, na mawese huificha. Ni afadhali mafuta meupe ya kokwa za chikichi, ya nazi, au ya alizeti, yasiyo na manukato. Dhaka, Bangladesh, watoto waliozaliwa kabla ya wiki 33 na kupakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi ya hospitalini pungufu kwa asilimia 41 kuliko wasiopakwa. Utafiti huo ulitoka mwaka 2005. Hao walikuwa watoto dhaifu mno, ngozi yao haijakomaa. Kwa mtoto mzima, Shirika la Afya Duniani halipendekezi kumpaka mafuta kila siku kwa nia ya kukinga magonjwa ya ngozi. Kidogo cha kufanya mkono uteleze kinatosha.

Viko vitu viwili visivyopaswa kumgusa kabisa. Cha kwanza ni pomadi za kafuri na mentoli, zile tunazojipaka kwa mafua: kafuri inaweza kumtia mtoto mchanga degedege, na mentoli inaweza kumziba pumzi. Cha pili ni krimu za kung'arisha ngozi. Mama anayezitumia hubeba zebaki au dawa kali viganjani, na akimkanda mtoto anampaka bila kujua. Pia, tusidondoshe mafuta masikioni wala puani. Yakishuka kwenye mapafu, huleta nimonia isiyotibika kwa urahisi.

Nimefika kwenye kunyoosha, na hapa nawasihi mabibi zangu kwa heshima yote. Kichwa kilichorefuka kwa kupita njia ya uzazi hurudi chenyewe kwa siku chache. Mifupa yake imeachana makusudi, na kukibonyeza hakukisaidii. Uvimbe unaobaki upande mmoja ni damu chini ya ngozi, nao hutoweka kwa wiki kadhaa ukiachwa. Matiti ya mtoto, awe wa kike au wa kiume, yanaweza kuvimba na hata kutoa maziwa kwa sababu ya homoni za mama. Yakikamuliwa yanaweza kuota jipu linalohitaji kisu. Miguu iliyopinda ni umbo la tumboni: mtoto alikaa amejikunja kwa miezi, na miguu hunyooka yenyewe akikaribia miaka miwili. Kuivuta na kuifunga imebanana huweka nyonga hatarini. Desturi yetu ya kumbeba mtoto mgongoni, mapaja yametanuka ndani ya kikwembe, inafanya vizuri zaidi. Madaktari wa mifupa walioandika kutoka Malawi mwaka 2015 walihusisha ubebaji huo na uchache wa nyonga zilizoteguka.

Nyayo zilizogeukia ndani, zisizorudi ukizigusa, ni jambo jingine. Hizo mafuta hayazinyooshi. Zinahitaji njia ya Ponseti: plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa wiki chache tu, kisha viatu maalumu. Kila mwezi unaopotea kwa kukanda mguu huo nyumbani unaifanya kazi ya plasta iwe ngumu. Vivyo hivyo mkono ulioregea tangu kuzaliwa: usiuvute, mlete mtoto.

Usimkande mtoto mwenye homa, mwenye vidonda, au aliyetoka kula. Siku ya chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, paja lililochomwa liache. Kidonda cha chanjo ya BCG nacho kisisuguliwe wala kupakwa chochote. Aliyezaliwa na uzito chini ya gramu 2,500 anahitaji kwanza kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Kukandwa kwake kufuate maelekezo ya wauguzi.

Wababa, kazi hii ni yenu pia. Wavuvi wa ndagala hukesha ziwani na taa zao, lakini usiku wa mbalamwezi hubaki nyumbani. Mtoto aizoee na mikono hiyo. Na kwa mama ambaye moyo umemwelemea baada ya kujifungua, hasa hawa waliofika Uvira wakikimbia vita, kuna sababu ya kumfundisha kukanda. London, mwaka 2001, akina mama wenye huzuni ya uzazi waliohudhuria darasa la kukanda walionekana kuelewana vizuri zaidi na watoto wao.

Faida ambayo sihitaji utafiti kuisimamia ni hii: anayemgusa mtoto mwili mzima kila siku ndiye wa kwanza kujua kilichobadilika. Katika mji ambapo kipindupindu hakikomi, na ambapo bomba likikauka watu huchota ziwani, masaa ni mali. Mtoto akiharisha, pitisha kidole kwenye utosi: ukididimia, maji yamepungua. Bana ngozi ya tumbo na uiachie. Ikirudi polepole, ondoka sasa hivi. Utosi uliotuna akiwa ametulia, viganja na nyayo za manjano, mwili wa moto au wa baridi isiyo ya kawaida, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kukataa titi: lolote kati ya hayo lina jibu kwenye kituo cha afya, na halina jibu kwenye chupa ya mafuta. Mfunge kifuani na uendelee kumnyonyesha njiani.