Panya wa Maabara na Zamu ya Usiku

Ndugu wafanyakazi, wako watakaocheka kuona jarida la chama linazungumza habari za panya. Na wacheke, lakini wasome.

Panya jike wa maabara hutoa mayai ya uzazi kila baada ya siku 4 au 5. Taa zikiwashwa na kuzimwa kwa saa zile zile kila siku, mayai hutoka usiku. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Marekani, Everett na Sawyer, waliwapiga panya sindano ya usingizi saa nane mchana wa siku yenyewe. Usiku ule mayai hayakutoka. Yalingoja usiku wa pili. Maana yake, ubongo hutoa amri ya uzazi kwa saa maalumu, na saa hiyo hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Taa zikiachwa zikiwaka usiku na mchana kwa majuma mengi, amri hukosekana na mayai hayatoki tena.

Hamsta dume yeye hudhurika kwa giza. Akipata mwanga chini ya saa 12 na nusu kwa siku, baada ya majuma kadhaa korodani zake husinyaa, kwa kuwa kwao mchana mfupi ni dalili ya majira ya baridi. Habari hiyo huchukuliwa na melatonini, homoni ambayo mwili huitoa gizani.

Hapa Bugeshi, chini ya volkano, tuko karibu na ikweta: mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka havipishani hata robo saa. Panya wa mashamba yetu hawana haja ya kupima jua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wameona kwamba panya shamba huzaana kwa kufuata mvua na majani machanga, jambo ambalo mkulima yeyote angewaambia bure. Kwetu basi kinachogeuza usiku kuwa mchana ni taa ya kiwanda.

Mwanadamu si panya, na hatusemi mama wa zamu ya usiku atakosa mtoto. Lakini naye ana saa ubongoni, na taa ya usiku hupunguza melatonini yake. Mwaka 2007 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani, na mwaka 2019 ikathibitisha hivyo.

Mkataba namba 171 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unasema mfanyakazi wa usiku akiomba, apimwe afya bila malipo. Mama mjamzito aepushwe na kazi ya usiku kwa majuma yasiyopungua 16, angalau 8 kabla ya kujifungua. Wa kiwandani wamo. Wafanyakazi wa kilimo wameachwa nje ya mkataba huo, nasi hatuoni kwa nini mlinzi wa shamba la chai ahesabiwe kuwa na mwili tofauti na wa mwenzake aliye kwenye mashine.