Mafuta ya Kunukia na Usalama wa Chakula

Wanachama wengi huamini kuwa chakula kilichotiwa viungo hakiharibiki. Imani hiyo ina ukweli, lakini ukweli huo una mipaka, na asiyeijua mipaka hiyo aweza kudhurika.

Karafuu, mdalasini na kitunguu saumu vina mafuta ya kunukia. Mafuta haya si sawa na mafuta ya alizeti yajulikanayo sana Nduguti na mkoani Singida kote, ambayo hukamuliwa katika mbegu na hayaui bakteria. Mafuta ya kunukia hutolewa kwa mvuke, kama yafanywavyo makonyo ya karafuu kisiwani Pemba. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kemikali iitwayo eujenoli, ambayo hutoboa utando unaomzunguka bakteria hata akafa.

Hata hivyo, yatendekayo katika chupa ya maabara siyo yatendekayo katika sufuria. Shahamu na protini zilizomo katika nyama na maziwa hupunguza nguvu ya mafuta hayo. Ili yafanye kazi, ingebidi yatiwe mengi kiasi cha chakula kutolika. Tena bakteria wengine, mathalani salmonela, wana utando wa pili unaowakinga.

Hatari huzidi pale kitunguu saumu kibichi kinapozamishwa katika mafuta ya kupikia na kuwekwa siku nyingi pasipo baridi. Mafuta huzuia hewa, na bakteria wa botulizimu hustawi pasipo hewa, wakatoa sumu isiyotambulikana kwa harufu. Mwaka 1985, mjini Vancouver, Kanada, watu zaidi ya 30 waliugua kwa sababu hiyo.

Hivyo basi, makatibu wanaombwa kuwaeleza wanachama, hasa wauzao mafuta na wapishi wa mikutano mikuu, mambo yafuatayo:

(a) Viungo ni msaada tu. Kinga yenyewe ni moto wa kutosha, maji safi, mikono safi, chumvi na kukausha.

(b) Mafuta ya alizeti yasiuzwe yakiwa na kitunguu saumu kibichi ndani yake.

(c) Mafuta halisi ya karafuu yasinywe, na yawekwe mbali na watoto, kwani huweza kudhuru ini.

(d) Chakula kilichoharibika kitupwe. Kukipasha moto au kukitia mdalasini hakuondoi kila sumu.

Harufu nzuri ya chakula isichukuliwe kuwa ushahidi wa usalama wake.