Ebola: kwa nini askari wa damu wanakufa bila virusi kuwaingia?

Ulizo moja linarudi kila mara Ebola inatajwa kwenye antena: ikiwa damu ya mutu iko na askari wa kulinda mwili, kwa nini wanashindwa mbio vile?

Jibu moja lilitoka Gabon. Mwaka 1999, Sylvain Baize na wenzake walitoa matokeo ya damu ya wagonjwa wa milipuko ya 1996. Wale walipona walikuwa wametengeneza kingamwili mapema. Wale walikufa hawakuwa nazo, na ndani ya damu yao kulikuwa vipande vya ADN, mabaki ya seli zilizojiua.

Zilizojiua, ndiyo. Ebola inaingia ndani ya seli nyingi, za ini kwa mfano, lakini haiingii ndani ya limfosite, wale askari wakubwa. Na bado wanakufa kwa wingi.

Namna gani? Juu ya ngozi ya limfosite kuko proteini inayoitwa Fas, sawa kengele ya mlangoni. Seli ingine ikiigonga, Fas tatu zinakutana. Chini yao, ndani ya seli, inashikamana proteini FADD, kisha kaspase-8 kadhaa. Kaspase ni sawa makasi yaliyofungwa: moja peke yake haifanyi kitu. Zikikusanyika karibu karibu zinafunguana, zinaenda kufungua kaspase-3, na hapo seli inakatwa kutoka ndani, hata ADN yake.

Kwa kawaida kazi hii ni nzuri. Ugonjwa ukiisha, mwili unapunguza askari kwa njia hii, la sivyo wangeugeukia wenyewe. Kwa mugonjwa wa Ebola kengele inalia mapema na kupita kiasi, juu seli zilizoambukizwa zinamwaga sinyali nyingi. Fas si njia pekee: proteini TRAIL nayo inafika kwa kaspase-8 ile ile.

Ndiyo maana dawa mAb114 ina maana kubwa. Ni kingamwili iliyo tayari, iliyotokana na damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Haingojee askari wa mugonjwa. Ilijaribiwa huku kwetu mashariki, matokeo yakatoka 2019. Kati ya wagonjwa waliopewa dawa hiyo wakiwa na virusi kidogo, karibu mmoja kwa kumi alikufa. Wale waliofika na virusi vingi, karibu saba kwa kumi, dawa ile ile.